Nyumba ya Prosing na Friji ya Miniang

Inatangazwa kwa umma wote, wa nchi kavu na wa vile visiwa vidogo vinavyoonekana maji yakipwa, kwamba halmashauri tatu za San Baltazar, Talangban na Bugnay, ambazo tangu zianzishwe hazijawahi kukubaliana hata nani aokote mbwa aliyefia darajani, sasa zimeungana kwa moyo mmoja, zimechanga ardhi, kokoto na fedha, na zimekata utepe mmoja kwa mikasi mitatu, ili Bi. Eufrosina Malbas, muuza uji wa kuku, mke halali wa Crispulo Malbas, apate pa kulaza ubavu.

Ndivyo mshereheshaji alivyosoma siku ya kukabidhi nyumba kule Bugnay, kwa sauti ya kutangaza kifo cha askofu. Bendi ya shule ikapiga wimbo iliokuwa ikiujua nusu. Mameya watatu walikuwa jukwaani, kila mmoja akijisogeza kidogo mbele ya wenzake, hadi jukwaa likawaishia. Kisha kipaza sauti kikaletwa mdomoni mwa Prosing, maana hakuna amwitaye Eufrosina isipokuwa serikali, aseme neno la shukrani.

Neno lenyewe tutalifikia. Kwanza mjue kwamba nyumba ile nusura aikose, na aliyetaka kumkosesha ni yeye mwenyewe.

Watu wengine huzaliwa na alama mwilini. Prosing alizaliwa na jirani. Upande wa pili wa ukuta, msimu uleule wa mvua, alizaliwa Herminia, yaani Miniang, na tangu hapo kila alichopata Prosing kilikuwa kimeshapita kwa Miniang kikiwa kipya. Gauni la komunyo ya kwanza la Miniang lilikuwa na lesi mpaka kwenye pindo. La Prosing lilikuwa na lesi shingoni tu, palipobaki mama yake akamwambia Mungu haangalii chini. Miniang akaolewa na mtu mwenye pikipiki. Prosing akaolewa na Crispulo, mwenye jogoo. Mume wa Miniang alipofariki, mazishi yake yalijaa hivi kwamba Prosing, akitoka makaburini, alimtazama Crispulo kwa jicho la kupima, na Crispulo akalala macho wazi wiki nzima.

Msidhani walikuwa maadui. Miniang ndiye mama wa ubatizo wa binti wa Prosing, kwa hiyo kama ilivyo kwetu waliitana Mare, na waliitana hivyo siku nzima, kwa sauti tamu ya mtu anayemeza kidonge.

Ukuta wao ulikuwa na heshima ambayo ikulu haina: ulikuwa mpaka. Jiwe la mpaka kati ya San Baltazar na Talangban lilichukuliwa na mto zamani, na wapima ardhi, baada ya kunywa uji wa Prosing, waliona ukuta ule wa mbao na mabati umenyooka vya kutosha. Basi Prosing akawa analala San Baltazar, na Miniang akawa anakoroma Talangban, na nguzo zilezile zimebeba mapaa yote mawili. Kimbunga kikipita, San Baltazar ilileta tambi za paketi na Talangban ilileta dagaa wa kopo. Prosing alikuwa akila tambi huku harufu ya dagaa ikipenya kwenye ufa wa ukuta, na alisema mara nyingi kwamba njaa ingekuwa nafuu.

Hata mapaa yao yalikuwa na matabaka. Sisi watu wa mtoni huezeka kwa mabango ya uchaguzi, yale ya turubai yenye nyuso za wagombea. Meya wa San Baltazar alikuwa akishinda kirahisi, kwa hiyo turubai lake lilikuwa jembamba, na mvua ikizidi alimvujia Prosing kitandani kupitia tundu za pua. Meya wa Talangban alikuwa na upinzani mkali. Turubai lake lilikuwa nene kama ngozi ya nyati, na Miniang chini yake alilala mkavu.

Lakini hayo yote ni vidonda vidogo. Kidonda kikubwa kilikuwa na milango miwili.

Mtoto wa Miniang, Jerwin, alipata kazi ya ubaharia kwenye meli za mafuta, na mshahara wake wa mwanzo ukaja mtoni juu ya gari la mizigo, ukiwa mweupe, mrefu kuliko padri. Friji. Mlango mmoja wa juu, mmoja wa chini. Miniang aliiweka mahali ambapo mtu akipita kwenye kijia hawezi kuikosa hata akifumba macho, na siku chache baadaye akatundika kibao: TUNA BARAFU.

Sasa Prosing asubuhi anauza uji wa mchele na kuku, wenye tangawizi ya kumtoa mlevi machozi, lakini mchana anauza maji ya sukari yenye vipande vya jeli, na maji yale bila barafu ni dawa ya kikohozi. Ilimlazimu anunue kwa Miniang. Kila siku, jua likiwa utosini, alivuka kutoka San Baltazar kwenda Talangban na bakuli lake, Miniang akafungua mlango wa juu kidogo tu, kama anayemchungulia mtoto aliyelala, akatoa mfuko wa barafu na kuufunga mlango haraka.

"Isipotee baridi, Mare," alikuwa akisema.

"Usijali, Mare. Isipotee."

Akarudi na barafu inamtonea miguuni na wivu unamtonea ndani. Miaka yote ile. Crispulo, ambaye husema maneno machache na kuyaelekeza kwa jogoo, alimwambia jogoo kwamba mama yako angenunua barafu kwa mtu mwingine angezeeka taratibu zaidi. Prosing hakusikia, au alisikia. Muuzaji mwingine wa barafu yupo soko la samaki, mbali, na zaidi ya hapo, kwa muuza samaki asingepata nafasi ya kuitazama friji.

Kikaja kile kimbunga kilichochukua daraja. Tulilala kwenye shule za miji yote mitatu, madawati yakiwa vitanda, na maji yalipopungua kila meya alifanya alichozoea, yaani kututangazia kwamba ukingo ni wa hatari na tuhamie upande wa mwenzake. Tulikuwa takataka za kufagiliana. Ila safari hii ufagio ulivunjika, kwa sababu wafadhili wa mikopo walisema hawatoi kitu kwa mji mmojammoja. Mje pamoja au msije. San Baltazar ilikuwa na fedha bila ardhi. Bugnay ilikuwa na ardhi, vilima vitupu vya muhogo, bila fedha. Talangban ilikuwa na kokoto, chemchemi na meya mwenye kisukari anayependa vikao vyenye chakula. Wakakutana kwenye mgahawa wa pwani.

Mambo ya ardhi na mabomba yaliisha kabla ya supu. Lililowakwamisha ni kura. Watu wa mtoni wakihamia Bugnay watapiga kura Bugnay, na hakuna meya anayetoa wapiga kura wake bure, hata wanaolala chini ya pua yake inayovuja. Mwishowe walikubaliana juu ya matanga. Kila msiba utakaotokea kwenye nyumba mpya utahudhuriwa na mameya wote watatu, mmoja akileta kahawa, mmoja biskuti, mmoja maua, kwa zamu, ili marehemu yeyote asisahau alikotoka. Tangu siku hiyo kufia Bugnay ni jambo la kujivunia.

Nyumba zilikuwa za saruji, za safu, kodi ndogo ambayo baada ya muda mrefu humfanya mpangaji kuwa mwenye nyumba, na choo ndani. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, uwe maskini kweli. La pili, kibanda chako cha mtoni kivunjwe kabla hujashika ufunguo, maana mameya wanatufahamu: mtu hupokea nyumba mpya na kumpangisha binamu yake ile ya zamani.

Majina yalisomwa kanisani baada ya misa. Liliposomwa la Eufrosina Malbas, Prosing alimshika Crispulo mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi. Furaha yake ilidumu mpaka jina lililofuata, la Herminia.

"Tumepata nyumba," alisema Crispulo wakirudi.

"Na yeye amepata."

"Nyumba zipo nyingi."

"Basi zimeshakuwa za kawaida."

Asubuhi yake alivaa viatu vya kanisani siku isiyo ya kanisa, akaenda ofisi ya mradi. Alikuwa na jambo dogo tu, alisema, na lisiwe la kutaja jina. Yeye hana tatizo na mtu. Ila je, mtu mwenye mtoto baharini, mwenye friji ya milango miwili, anayefanya biashara ya barafu mchana kweupe, naye ni maskini wa kulala mtoni? Aliuliza tu, kwa kupenda haki. Karani aliandika. Prosing akarudi akiwa mwepesi, akauza uji huku akiimba, na wateja wakaogopa.

Kamati ikaja kukagua. Walikuwa watu watatu: mmoja wa San Baltazar wa kuangalia, mmoja wa Talangban wa kumwangalia anayeangalia, na Injinia Palmares wa Bugnay, mwanamke kijana mwenye buti kubwa, wa kuhakikisha wawili hao hawapigani. Injinia hakwenda kwenye friji. Alikwenda kwenye ukuta. Akaugonga, akatazama nguzo, akapanda stuli akatazama paa, akauliza nani anakaa huku na nani anakaa kule. Kisha akamwita Prosing pembeni, maana ndiye aliyekuwa karibu, akamweleza kwa upole kama daktari.

"Mama, kuna malalamiko juu ya jirani yako. Yakithibitika, tunamtoa kwenye mradi."

"Maskini," alisema Prosing.

"Akitoka, nyumba yake haivunjwi. Nyumba yake isipovunjwa, ukuta huu haung'oki. Na ukuta huu ndio umeshika paa lako. Siwezi kuvunja nusu ya nyumba, na halmashauri moja haiwezi kung'oa mpaka bila nyingine kukubali. Kibanda chako kisipovunjwa," Injinia alifunga kidaftari chake, "hakuna ufunguo."

Prosing alibaki anautazama ukuta. Kule kwenye tundu la jogoo, Crispulo akasema, "Hongera."

Hapo ndipo Prosing alipoanza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Ilimbidi amtetee Miniang. Ilimbidi asimame mbele ya miji mitatu na kuapa kwamba mwanamke aliyemwonea wivu maisha yake yote hana cha kuonewa wivu.

Akaingia kwa Miniang nyuma ya kamati, bila kukaribishwa. Yule wa Talangban alikuwa anauliza habari za kipato.

"Kipato gani?" Prosing akadakia. "Huyu? Mtazameni vizuri. Mmeona hicho kitambaa cha mezani? Ni sketi yake ya zamani. Huyu ni fukara."

Miniang aligeuka polepole. "Mare. Chunga mdomo."

"Nasema ukweli, Mare. Wewe ni maskini sana, kila mtu anajua."

"Nani anajua? Mimi nina mtoto meli kubwa. Ananiletea kila mwezi."

"Jerwin hata simu hajapiga tangu ile Krismasi daraja lilipochukuliwa."

"Anapiga. Husikii kwa sababu tunanong'ona."

"Mare," alisema Prosing, "kwa ukuta huu nasikia hata ukijikuna."

Mtu wa San Baltazar alicheka, wa Talangban akamtazama, na Injinia akawatazama wote wawili. Miniang alikuwa amenyooka kama mshumaa. Mngemwona mngesema yuko tayari kulala mtoni mpaka kiama kuliko kuandikwa fukara kwa kinywa cha Prosing. Na Prosing, aliyekuwa anaiona nyumba ya saruji ikimponyoka, akazidi kumchangia umaskini: sufuria zake zimetoboka, mkeka wake umeliwa na panya, mapazia yale ni ya msaada. Kila alichokitaja kwa dharau alikuwa amewahi kukitamani.

"Na friji je?" aliuliza mtu wa Talangban.

Ulimi wa Prosing, ambao ulikuwa umetoboa sufuria nzima, haukuweza kuigusa.

Injinia aliomba ifunguliwe, kidogo tu. Miniang akauegemeza mgongo mlangoni. Alisema barafu itayeyuka. Alisema wateja watasubiri. Mwisho akasema, "Kama lazima, huyu atoke kwanza," akimwonyesha Prosing kwa kidevu. Prosing hakutoka. Hata kama paa lingeanguka, angeitazama friji ile ndani.

Mlango wa chini ulifunguliwa, na taa haikuwaka. Ndani mlikuwa na mchele kwenye ndoo, blanketi, na viatu vya shule vya Jerwin, vyeusi, vimepakwa rangi. Mlango wa juu ulikuwa na boksi la povu lililofungwa kwa gunia, na ndani ya gunia barafu ya soko la samaki, ile yenye magamba mawili matatu. Waya ulikuwa nyuma, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe. Haukuwa na kichwa cha kuchomeka.

"Iliungua mafuriko ya kwanza," Miniang aliiambia sakafu. "Ilikuwa haijamaliza hata msimu."

Akaeleza kidogo, kwa sababu Injinia aliuliza kwa adabu. Huamka kabla ya jogoo wa Crispulo, huenda soko la samaki, huosha barafu, huipakia kwenye mifuko. Anauza chini ya anavyonunua, maana barafu ya nyumbani haiwezi kuwa ghali kuliko ya sokoni, watu wangejiuliza.

Mngetarajia Prosing aone huruma. Mimi, niliyekuwa nikichungulia mlangoni pamoja na wengine, nilitarajia. Lakini niliuona uso wake, na haukuwa wa huruma, ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa. Ameibiwa. Wivu wote ule, wa kila mchana, juani, na bakuli mkononi, kumbe aliupoteza kwa kabati la mchele. Na chini ya hasira ile kikatambaa kitu kingine, akakitambua mara moja kwa sababu ni mwenzake wa siku zote: yeye mwenyewe asingeweza kamwe kubuni jambo kama lile. Hata umaskini, Miniang alikuwa nao wa hali ya juu.

"Mmeona," alisema kwa sauti kavu. "Mwandikeni apate nyumba."

"Na muandike," alisema Miniang, akifunga mlango wa juu haraka ili isipotee baridi, "kwamba ni ya milango miwili."

Injinia aliandika. Kamati ilipoondoka wale wawili walibaki mlangoni, na Miniang aliuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, ni nani aliyepeleka maneno.

"Watu wana midomo, Mare," alisema Prosing.

"Na viatu vya kanisani. Kwa ukuta huu nasikia hata ukivaa viatu, Mare."

Hawakuongea mpaka siku ya kuvunja. Na siku hiyo waliongea tu kugombea mbao za ukuta, kila mmoja akidai zile zisizo na mchwa, hadi Injinia akazigawa kama mali ya talaka. Ukuta ulipoanguka, San Baltazar na Talangban zilitazamana uchi kwa mara ya kwanza, na hakuna lililotokea, isipokuwa jogoo alivuka mpaka.

Friji ilihamia Bugnay kwa heshima. Wanaume sita waliibeba, Miniang akakaa kando yake juu ya lori, ameishika kama mgonjwa. Watu waliokuwa kwa Miniang siku ya kamati, na walioambiwa nao, yaani watu wote, walijua haina umeme. Hakuna aliyesema kitu. Hatuna adabu nyingi, lakini hiyo tunayo.

Miji mitatu ilikuwa imekubaliana, kwa busara au kwa uvivu, kwamba waliokuwa majirani wabaki majirani. Basi Prosing akapewa nyumba ya pili toka mwisho wa safu, na Miniang ya mwisho kabisa, na katikati yao ukuta mmoja. Siku ya kukabidhi, kama desturi inavyotaka, kila mmoja aliingia kwanza na chumvi na mchele, ili nyumba isijue njaa, kabla hajaingiza hata kijiko. Prosing alizunguka chumba, akagusa bomba, akagusa swichi ya choo, maana mle ni giza hata mchana, akalala chali sakafuni kutazama dari isiyo na uso wa mtu yeyote. Kisha akaweka sikio ukutani.

Saruji. Hakusikia kitu. Wala kikohozi, wala kijiko, wala kujikuna. Maisha yake yote alikuwa akijua Miniang ana nini, na sasa serikali tatu zimeungana kumfungia habari. Crispulo anasema mkewe alisimama pale, sikio ukutani, mpaka chumvi ikamwagika mkononi.

Akatoka mbio, akaingia kwa Miniang na kisingizio cha kuazima ufagio. Hakuna ajuaye walisemezana nini. Alikaa kidogo, akazunguka kote, akatoka bila ufagio, uso umekuwa mdogo. Ndipo mshereheshaji alipomwita jukwaani, bendi ikapiga ule wimbo wa nusu, na tangazo likasomwa lote, pamoja na mbwa wa darajani.

Mameya walitabasamu kuelekea kwenye kamera moja. Mshereheshaji akainamisha kipaza sauti.

"Mama Eufrosina, halmashauri tatu zimeweka tofauti zao chini kwa ajili yako. Mbele ya mameya wetu wapendwa, mbele ya taifa, una lipi la kusema juu ya makao yako mapya?"

Prosing akakitazama kipaza sauti, akaitazama safu ya nyumba, akafika kwa jicho mpaka ile ya mwisho.

"Choo cha Miniang kina dirisha."